Bone ya Jeff Smith: kurasa 1,332 za wino, kicheko na majoka

Msomaji akielezwa kwamba kitabu cha katuni kina majoka, binti wa kifalme aliyefichwa shambani, Bwana wa Nzige asiye na mwili na vita vya kugombea bonde zima, ana haki ya kudhani kwamba ameshakisoma kabla hajakifungua. Bone, kazi ya Mmarekani Jeff Smith, haifichi kwamba mambo yake mengi yamezoeleka katika hadithi za aina hii. Kilichoipa nafasi yake ya pekee ni mkono ulioichora na namna inavyosimuliwa: hii ni hadithi ya vita na ndoto mbaya iliyotungwa na mtu ambaye kwanza kabisa ni mchekeshaji, anayejua ni kisanduku kipi kinyamaze ili kinachofuata kichekeshe, na ambaye anautumia ujuzi huohuo kumtia msomaji hofu. Pale anapoiachia picha ifanye kazi, sijaona katuni nyingi za kusisimua zinazomfikia. Pale anapowakalisha wahusika wake waelezane mambo, ndipo msomaji anapokumbuka kwamba kitabu alichoshika ni kizito.

Toleo la kwanza lilitoka Julai 1991, likiwa kijitabu cha rangi nyeusi na nyeupe kilichochapishwa na kampuni ya Smith mwenyewe, Cartoon Books, mjini Columbus, Ohio, na toleo la 55, ambalo ndilo la mwisho, lilitoka Juni 2004. Katika miaka yote hiyo, ukiacha kipindi kifupi katikati ya miaka ya 1990 ambapo matoleo kadhaa yalitolewa kupitia kampuni nyingine ya katuni, Image Comics, kazi ilibaki nyumbani: Smith aliandika, akachora na kupiga wino, na mkewe, Vijaya Iyer, akasimamia biashara. Mbegu yake ni ya zamani zaidi, kwa kuwa alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alichora katuni ya mfululizo iliyoitwa Thorn katika gazeti la wanafunzi, The Lantern, na baadaye akaanzisha na wenzake studio ya kutengeneza katuni za filamu. Malezi hayo mawili yanasomeka katika kila ukurasa. Gazeti lilimfundisha kwamba visanduku vitatu au vinne vinatosha kuanzisha jambo, kulisukuma na kulipindua. Studio ilimfundisha kwamba mwili unaoanguka una mwanzo, katikati na mwisho, na kwamba mchoraji lazima achague ni sehemu ipi ya mwanguko huo iwekwe kwenye karatasi. Msomaji aliyekua akianzia gazeti kwa Chakubanga wa Uhuru au Juha Kalulu wa Taifa Leo kabla ya kugusa habari nyingine yoyote atautambua mdundo huu mara moja, ingawa hapa mdundo huo umeombwa ubebe safari ya zaidi ya kurasa elfu moja.

Hadithi inaanza jangwani, ambako binamu watatu wa ukoo wa Bone wamepotea baada ya kukimbia mji wao wa Boneville kwa sababu ya mmoja wao, Phoney Bone, tajiri ambaye siasa zake na ulaghai wake umewachosha wananchi. Smiley Bone, mrefu, mwenye sigara mdomoni na asiyejua maana ya wasiwasi, ameokota ramani. Fone Bone, ambaye kwa sehemu kubwa ya kitabu ndiye macho yetu, amebeba begi mgongoni lenye nakala ya Moby Dick, kitabu anachokiabudu na ambacho humlaza usingizi kila anayesomewa. Wingu la nzige linawatawanya, na Fone Bone anaingia katika bonde ambalo hakuna mtu wa Boneville aliyepata kulisikia. Humo anakutana na Thorn, msichana anayeishi shambani na bibi yake, Gran'ma Ben, kikongwe mwenye misuli ambaye kila mwaka hushindana mbio na ng'ombe kwa miguu yake mwenyewe. Fone Bone anampenda Thorn papo hapo, na Smith anaonyesha hali hiyo kwa mioyo midogo inayoelea kichwani mwa mhusika, bila kuona haya kutumia ishara iliyochakaa kuliko zote katika fani yake. Usiku bonde linazungukwa na majitu-panya, viumbe wenye manyoya, meno na njaa isiyokwisha, ambao wanapokea amri kutoka kwa mtu aliyejifunika uso kwa joho. Wanamtafuta Phoney Bone, si kwa utapeli wake, bali kwa nyota iliyo kifuani mwa fulana yake. Kwa nini nyota hiyo iwasumbue kiasi hicho ni swali linalouvuta mkokoteni kwa muda mrefu, na sitalijibu hapa.

Lipo tukio moja la mwanzoni ambalo linatosha kumpima mwandishi. Fone Bone anakimbizwa na majitu-panya wawili hadi ukingoni mwa genge. Anaruka, analishika tawi dogo jembamba lililoota hewani, kisha anajisemea kwa faraja kwamba viumbe hao wangelazimika kuwa wajinga kupita kiasi ndipo wamfuate kwenye kijitawi dhaifu namna hiyo. Kabla sentensi yake haijapoa, wote wawili wako juu ya tawi pamoja naye. Anachobakiwa nacho cha kusema ni kuwaita wajinga, tena mara mbili, na tusi hilo likaja kuwa salamu ya mashabiki wa Bone popote wanapokutana. Mzaha wenyewe ukiusimulia kwa mdomo ni mdogo. Kwenye karatasi unafanya kazi kwa sababu Smith huliacha jicho la msomaji mahali palepale, kisanduku baada ya kisanduku, ili tofauti pekee iwe kitu kilichoongezeka au kilichotoweka, na kwa sababu anampa msomaji nafasi ya kulitambua kosa kabla mhusika hajalitambua. Ni ustadi wa kuhesabu pumzi, na ukiupata huwezi kuuona ukifanya kazi. Unajikuta tu umecheka.

Hata majira ya mwaka yamechorwa kwa mdundo huo. Fone Bone ameonywa kwamba baridi ya bonde hili huja ghafla, na anayasikia maonyo hayo kwa masikio ya mgeni. Kisha theluji inashuka, si chembe kwa chembe kama inavyojulikana, bali yote kwa pamoja, kishindo kimoja, na dunia nzima ya ukurasa ule inageuka nyeupe. Hapo karatasi tupu ndiyo imekuwa mchoro. Mchoraji mwenye wasiwasi angejaza nafasi ile kwa mistari ya upepo na matone ya baridi. Smith ameondoa kila kitu, akaacha kiumbe mweupe ndani ya weupe, akionekana kwa pua yake kubwa na nukta mbili za macho.

Hilo linanileta kwenye uamuzi mkubwa wa kisanaa wa kitabu hiki, ambao ni kuchanganya aina mbili za uchoraji ndani ya fremu moja. Binamu wa Bone ni maumbo ya mviringo yasiyo na nywele wala vidole vya kueleweka vizuri, yaliyochorwa kwa mistari michache mno, kwa mtindo ambao unakiri wazi deni lake kwa Walt Kelly, aliyechora Pogo, katuni ya magazetini ya Marekani, na kwa Carl Barks, aliyechora bata wa Disney. Thorn, Gran'ma Ben na Lucius, mwenye baa ya kijiji cha Barrelhaven, ni watu wenye mifupa, mikunjo ya nguo, vivuli chini ya taya. Miti ina maganda, miamba ina nyufa, na mandhari yake yamechotwa kutoka vilima vya Ohio alikokulia mchoraji. Hata jina la Pango la Mzee, lenye uzito mkubwa katikati ya hadithi, ni la mahali palipo katika vilima vya Hocking. Kwa maelezo ya mdomo mchanganyiko huo unaonekana kama kosa. Kwenye ukurasa unaleta maana mbili kwa mpigo: kwanza, wale watatu ni wageni hasa, hawatoki dunia hii, na hakuna haja ya mtu kulisema hilo, pili, kwa kuwa nyuso zao ni tupu karibu kabisa, msomaji anazijaza hisia zake mwenyewe kwa urahisi ambao uso uliochorwa kwa undani haumruhusu. Thorn anapolia, tunamtazama analia. Fone Bone anapokodoa macho kwa hofu, ni sisi tumekodoa.

Wino ndio utajiri wenyewe. Smith anapiga brashi kwa mstari unaoanza mwembamba, ukavimba kwenye kona ya mgongo au goti, kisha ukaisha kwa ncha, na kwa mstari huo mmoja anaonyesha umbo, uzito na mwendo bila kuhitaji vivuli vya ziada. Usiku unapoingia, anageuza kanuni: weusi unatawala ukurasa, na vitu vinachongwa kutoka ndani yake kwa mwanga mchache. Nyumba ya Gran'ma Ben inapovamiwa, majitu-panya ambao kurasa chache nyuma walikuwa wapumbavu wa kubishana kuhusu mapishi wanageuka macho na meno yanayochomoza gizani, na ule utaratibu wa kisanduku kimya uliotuchekesha pale kwenye tawi sasa unatufanya tusitake kufungua ukurasa unaofuata. Ubishi wa mapishi, kwa ambao hawajausoma, unahusu jitu-panya mmoja anayependa pai laini ya mayai na mwenzake anayeona kwamba hilo ni aibu kwa mla nyama wa kuheshimika. Unarudi tena na tena katika kitabu, na Smith hauchoki; mimi pia sikuuchoka.

Juzuu ya pili kati ya tisa za hadithi hii, The Great Cow Race, ndiyo ningempa mtu anayeshuku kwamba katuni inaweza kuwa na ujenzi wa hadithi uliofikiriwa. Phoney Bone anagundua kwamba fedha zake hazina thamani katika bonde ambako watu hulipana kwa mayai na mazao, hivyo anaamua kuyachuma mayai yenyewe: anaeneza uvumi kwamba Gran'ma Ben amechoka, anawatangazia wanakijiji ng'ombe wa ajabu ambaye hakuna aliyemwona, na kwa kweli ng'ombe huyo ni Smiley aliyevaa vazi la kujificha. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo tunalolijua; hapa kijiji kizima kinamwekea dau mtu ndani ya ngozi ya ng'ombe. Wakati huohuo, katika msitu ulio jirani, Fone Bone anakimbizwa na majitu-panya, na Smith anazisogeza njia hizo mbili karibu zaidi kwa kila ukurasa, mashindano upande mmoja na mauti upande mwingine, hadi zinagongana katikati ya vumbi, pembe na kelele. Visanduku vinazidi kuwa vyembamba, mistari ya mwendo inazidi kulala, na mahali ambapo kwa kawaida kuna mpaka mweupe kati ya fremu na fremu miili inaanza kuuvuka. Hakuna mtu anayesimama kueleza kinachotokea, na hakuna msomaji anayepotea.

Herufi nazo ni za mkono, na zinastahili kutajwa kwa kuwa wengi huzisoma bila kuziona. Phoney akinung'unika maneno yanasinyaa ndani ya kiputo kikubwa kilicho tupu; akikasirika yanavimba mpaka yanakisukuma kiputo chenyewe. Sauti ya kila mmoja inasikika kabla hujaisoma. Kuhusu Joka Mkubwa Mwekundu, aliyechorwa na masikio marefu ya kulegea na macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, itoshe kusema kwamba ni nadra kuona joka ambaye kitisho chake kinatokana na kutokuwa na haraka.

Sasa niseme nisichokipenda. Kuanzia juzuu ya tatu, Eyes of the Storm, ambako mvua ya usiku imechorwa kwa mistari ya mshazari inayokaribia kuufuta ukurasa wote, hadithi inaanza kudai urithi wake wa visasili: siri ya ukoo wa Thorn, ulimwengu wa ndoto, ndugu aliyesaliti, unabii. Mwanzoni mzigo huo unabebeka, kwa sababu Gran'ma Ben anazitoa siri zake kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, na sura yake ya aibu na hasira inasema zaidi ya maelezo yenyewe. Lakini baada ya Pango la Mzee, hasa katika Ghost Circles na Treasure Hunters, wahusika wanasimama mara kwa mara kuelezana kanuni za mambo yasiyoonekana: duara za maangamizi ziko wapi, nani anaweza kuzihisi, taji gani liguswe na nani asiliguse. Viputo vinajaa, sura zinapungua, na mchekeshaji aliyejua kunyamaza anakuwa mwalimu wa somo. Shida ya pili ni jiji la Atheia, ambalo linaingia kwa kuchelewa na watu wengi wapya ambao hatupewi muda wa kuwapenda wala kuwachukia. Mtawala wake, Tarsil, ana kovu na ukali, na zaidi ya hapo sikumbuki aliniachia nini. Wapo wanaosema kwamba hadithi haikuwa na budi kupanuka ili ifike mwisho wake. Nakubali, ila kupanuka na kueleza ni mambo mawili.

Ajabu ni kwamba katika juzuu hizohizo ndimo zimo baadhi ya kurasa nzuri kuliko zote, na ni zile ambazo hazina maneno. Nchi iliyoteketezwa inayovukwa na wasafiri katika Ghost Circles imechorwa kwa upana na utupu, ardhi iliyopasuka chini ya anga lisilo na kitu, na wale watu wadogo wakiwa alama chache tu pembeni. Ukiziweka kurasa hizo kando ya theluji ya mwanzo utaona mchoraji yuleyule akitumia chombo kilekile, nafasi tupu, kwa lengo lililo kinyume. Na kabla ya hapo kuna juzuu ya tano, Rock Jaw, ambayo wengi huiruka kwa kudhani ni mchepuko: Fone Bone na Smiley wanampeleka kwao mtoto wa jitu-panya aitwaye Bartleby, wanakutana na wanyama yatima, na wote wanaangukia mikononi mwa simba wa milimani mkubwa kupita kiasi ambaye hataki kuwa upande wowote wa vita. Smiley, ambaye hadi hapo alikuwa wa kuchekesha tu, anampenda yule mtoto kwa namna ambayo haimruhusu tena msomaji kumdharau. Hakuna hotuba juu ya adui kuwa kama sisi. Kuna mtoto mwenye masikio makubwa anayemshika mtu mkono.

Anayetaka kununua atakutana na sura kadhaa za kitabu hiki. Ipo juzuu moja yenye kila kitu, nyeusi na nyeupe, iliyotolewa mwaka 2004 ikiwa na kurasa 1,332, na zipo juzuu tisa za rangi zilizoanza kutolewa mwaka 2005 na kampuni ya uchapishaji ya Scholastic, zikipakwa rangi na Steve Hamaker. Mwaka 2011 lilitoka pia toleo la rangi katika kitabu kimoja. Rangi za Hamaker ni za mtu mwenye adabu kwa mchoro alioukuta: machweo yake ni mazuri, manyoya ya majitu-panya yanapata uhai, na mtoto anayeanza kusoma atavutwa nazo kuliko na wino mtupu. Hata hivyo, rangi inaziba mahali ambapo Smith alikusudia pawe patupu. Usiku wa buluu hautishi kama usiku mweusi, na theluji iliyotiwa kivuli cha zambarau imeshaanza kujieleza. Mimi ningemshauri mtu mzima achukue nyeusi na nyeupe, akubali kwamba hawezi kuisoma amelala chali kwa sababu ya uzito wake, na mzazi achukue juzuu za rangi moja moja, akianza na Out from Boneville, kwa kuwa kila moja ina mwanzo na kituo chake na haimtishi mtoto kwa unene. Mzazi huyohuyo ajue kwamba kuna sigara, pombe ya baa, na mapigano yanayozidi kuwa makali kadiri kurasa zinavyosonga. Mwaka 2013 Bone iliingia katika orodha ya vitabu 10 vilivyolalamikiwa zaidi iliyotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani, na sababu zilizotajwa ni mtazamo wa kisiasa, ubaguzi wa rangi na vurugu. Kwa maoni yangu mtoto wa miaka tisa au kumi ataimudu bila shida, na sehemu itakayomkosesha usingizi ni nzige, wala si sigara.

Tuzo zake za katuni za Marekani, Eisner 10 na Harvey 11, zinaweza kumshawishi mwenye shaka, lakini kipimo kizuri zaidi ni kufungua juzuu ya kwanza dukani, kwenye yale mandhari ya genge na tawi, na kuona kama utaweza kuifunga. Mpango wa Netflix wa kuifanya filamu ya mfululizo, uliotangazwa mwaka 2019, ulifutwa mwaka 2022, na wapo mashabiki waliosikitika sana. Mimi sikuwa miongoni mwao, kwa kuwa filamu ingelazimika kuamua kwa niaba yangu ni muda gani Fone Bone aning'inie pale kabla tawi halijavunjika.